Daktari wa Meno ya Kahawia

Ukitoka Arusha kwenda Moshi, ukishapita Usa River unafika Maji ya Chai. Sisi tuliokulia kandokando ya barabara hiyo tunatambulika popote. Unashuka Dar es Salaam au Mbeya, unacheka kidogo tu, mtu anakuuliza: "Wewe wa Arusha, eh?" Meno yetu ya kahawia yameshajibu kabla yako.

Nyumbani kila mzee alikuwa na lake. Huyu alisema ni maji ya mlimani, yule alisema ni magadi tunayotia kwenye makande ili mahindi yaive upesi. Nilikuwa mtu mzima nilipokuja kujua kwamba jibu lilipatikana mwaka 1931, na kwamba aliyelisaka kwa miaka 30 alikuwa daktari wa meno katika mji mdogo wa Marekani. Hii ni historia yake. Naiandika kwa sababu ni yetu pia.

Mji huo, Colorado Springs, ulianzishwa mwaka 1871, chini ya mlima Pikes Peak wenye urefu wa zaidi ya mita 4,300. Daktari huyo, Frederick McKay, aliufikia mwaka 1901. Alizaliwa Massachusetts mwaka 1874, na alikuwa ndiyo kwanza amehitimu udaktari wa meno Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Kijana wa miaka 27 anafungua chumba chake cha matibabu, anaanza kupokea wenyeji, na kinywa cha kwanza, cha pili, cha kumi, anaona jambo ambalo hakufundishwa chuoni. Jino la mbele, ambalo lingepaswa kung'aa, lina mabaka meupe yaliyopauka kama chokaa, kisha utepe wa kahawia umelikata katikati. Kwa wengine jino zima lina rangi ya chokoleti. Ukilisugua, rangi haitoki, maana imo ndani ya jino lenyewe.

Wenyeji walikuwa wameshazoea. Walisema ni kula sana nguruwe, au maziwa mabaya, au maji yenye chokaa nyingi. McKay alifungua vitabu vya fani yake asikute kitu. Hapa ndipo ninapomheshimu zaidi. Angeweza kung'oa, kuziba na kupokea ada yake kama madaktari wengine wa mji, kwa kuwa doa halikuwa likimuuma mtu. Lakini alikuwa akitazama nyuso za watoto walioficha midomo kwa kiganja wanapocheka, akaona kuwa hilo nalo ni ugonjwa.

Akamwandikia Greene Vardiman Black, bingwa mkubwa wa udaktari wa meno nchini Marekani wakati ule. Mzee Black alishangaa kwamba jambo la namna hiyo lingeweza kupita bila kuandikwa na yeyote. Mwaka 1909 akafunga safari mwenyewe hadi Colorado. Kufikia hapo McKay na mwenzake Isaac Burton walikuwa wamepita katika shule za mji na kukagua watoto 2,945. Kati ya waliozaliwa hapo, karibu tisa katika kila kumi walikuwa na madoa. Black alifariki mwaka 1915, lakini kazi ya pamoja ilikuwa imewaachia mambo mawili. La kwanza, mtu aliyehamia mjini meno yake ya ukubwani yakiwa yameshakomaa hapati doa. Kwa hiyo kisababishi kinaingia wakati jino linaumbwa ndani ya ufizi, mtoto akiwa bado mdogo. La pili lilikuwa kinyume cha matarajio yote: meno hayo yenye madoa yalikuwa magumu kuoza.

McKay alihisi ni maji, ila alipoyapeleka kupimwa hayakuonyesha kitu. Mwaka 1923 wazazi wa Oakley, mji mdogo wa Idaho, wakamwita. Watoto wao walikuwa wameanza kutoa meno ya kahawia muda si mrefu baada ya mji kuvuta bomba kutoka chemchemi ya maji ya uvuguvugu, umbali wa kilomita nane hivi. McKay akapima maji, asione lolote. Hata hivyo aliwashauri waliache bomba lile na kutumia chemchemi nyingine ya jirani. Nafikiria ujasiri wa mkutano ule: mji umetumia fedha zake kulaza bomba, naye anawaambia waliache, bila cheti chochote mkononi. Walimsikiliza. Baada ya miaka michache wadogo zao wale watoto wakaota meno meupe.

Kisha Bauxite, Arkansas, mji wa kampuni ya alumini ya Alcoa. Huko visima vifupi vilikuwa vimeachwa na vya kina vikachimbwa, na watoto wakachafuka meno, ilhali wale wa Benton, mji jirani, wako salama. McKay alikwenda pamoja na Grover Kempf wa idara ya afya ya serikali. Taarifa yao ikamfikia H. V. Churchill, mkuu wa wakemia wa Alcoa, aliyekuwa na hofu kwamba watu wangesingizia sufuria za alumini. Akayapima maji kwa mashine ya mwanga ambayo McKay hakuwahi kuwa nayo, akakuta madini ya floraidi, miligramu 13.7 katika lita moja. Alimwandikia McKay barua mwaka 1931 na kumwomba sampuli za maji kutoka miji mingine. Miezi michache tu, na swali la miaka 30 likafungwa.

Yaliyofuata yanajulikana zaidi. Trendley Dean wa idara ya afya aligundua kwamba kiasi cha miligramu 1 kwa lita hakiachi doa kwa watu wengi, na bado kinalinda meno yasioze. Tarehe 25 Januari 1945 mji wa Grand Rapids, Michigan, ukawa wa kwanza duniani kuongeza floraidi katika maji ya mabomba. Dawa ya meno unayopiga mswaki asubuhi inatokana na mkondo huohuo. McKay alifariki Colorado Springs mwaka 1959.

Kwetu shida haikuwa upungufu. Miamba ya volkeno ya Meru na Kilimanjaro, na ya Bonde la Ufa hadi Nakuru, hutoa floraidi kupita kiasi, na magadi ya Ziwa Natron huongeza nyingine chunguni. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Ziko chemchemi za Arumeru zinazozidi mara kadhaa. Floraidi ikizidi sana haiishii kwenye meno. Inaingia mifupani, na tumecheza utotoni na wenzetu waliopinda miguu. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto kinafundisha njia ya kuipunguza: mifupa ya ng'ombe inachomwa, inasagwa kuwa punje nyeusi, na maji yanachujwa humo, kwa sababu mfupa hunasa floraidi hata ukiwa nje ya mwili.

Dada yangu alipata ndoo ya kuchujia ya namna hiyo kabla mwanawe hajazaliwa. Ipo jikoni juu ya kigoda, bomba lake dogo linadondoka taratibu, na punje zikichoka anabadilisha. Mtoto sasa ana miaka saba. Nilipokwenda mwezi uliopita alinikimbilia getini: "Mjomba, limetoka, angalia!" Nikampeleka mlangoni penye mwanga, nikainua mdomo wake wa juu kwa kidole gumba. Jino lilikuwa limetoka nusu, jeupe, na ncha yake ingali na vimeno vya msumeno vya jino ambalo halijatafuna kitu.