Wakurdi, Nairobi na Watu Walionyimwa Hata Jina

Kila tarehe 15 Februari, Wakurdi huandamana katika miji mingi ya Ulaya, na kwa story yao ya siku hiyo kuna mji unaoujua vizuri sana: Nairobi. Hawautaji kwa sababu ya mbuga wala nyama choma. Ni hapa ambapo mwaka 1999 Abdullah Öcalan, kiongozi wa chama cha PKK, alishikwa na kupakiwa kwa ndege hadi Uturuki. Manze, kuna watu huko nje wanaojua jina la mji wetu kwa sababu hiyo tu, na wengi wetu hata hatuwajui wao ni nani.

Basi leo tuwajue.

Wakurdi ni watu wa milimani. Kwa makadirio mengi ni kati ya milioni 30 na 40. Wana lugha yao, sikukuu yao ya mwaka mpya inayoitwa Newroz, na ardhi waliyokaa kwa karne nyingi. Kile hawana ni nchi. Ardhi yao imegawanywa kati ya Uturuki, Iraq, Iran na Syria. Mkenya haitaji kufafanuliwa sana hapa. Waulize Wamaasai walio na ndugu Kenya na Tanzania, au Wasomali, mpaka uliopigwa na mgeni huwa unafanya nini.

Na si ati walisahaulika. Waliahidiwa kabisa. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, Mkataba wa Sèvres wa Agosti 1920 uliwapa Wakurdi njia ya kujitawala, hata kupata uhuru. Miaka mitatu baadaye, Julai 1923, mkataba mwingine ulitiwa sahihi kule Lausanne. Huo wa pili ndio ulioshika, na ndani yake neno Kurdistan halimo. Mwaka 1946, upande wa Iran, walijaribu kuanzisha Jamhuri ya Mahabad. Haikumaliza hata mwaka. Rais wake, Qazi Muhammad, alinyongwa Machi 1947.

Ukishanyima watu nchi, hatua inayofuata ni kuwanyima jina. Kwa miaka mingi Uturuki ilikataa kabisa kwamba kuna Wakurdi. Waliitwa "Waturuki wa milimani". Sheria ya mwaka 1983 ilipiga marufuku lugha yao na ikaondolewa tu 1991. Hata herufi zilikuwa na shida: q, w na x zinatumika kwa Kikurdi lakini hazimo kwa alfabeti rasmi ya Kituruki, na hadi 2013 kuandika "Newroz" kwa w kungeweza kukuingiza kwa shida na serikali. Herufi moja tu! Kule Syria, sensa ya mwaka 1962 katika mkoa wa Hasakah iliwavua uraia Wakurdi wapatao 120,000. Ulilala raia, ukaamka mgeni kwa shamba la babu yako.

Mwaka 1991 Leyla Zana alichaguliwa mbunge Uturuki, mwanamke wa kwanza Mkurdi kuingia bunge hilo. Alipomaliza kiapo, aliongeza sentensi moja kwa Kikurdi kuhusu undugu wa Waturuki na Wakurdi. Bunge lililipuka kwa kelele. Mwaka 1994 alivuliwa kinga ya ubunge na kuhukumiwa miaka 15 kwa shtaka la kuwa mwanachama wa PKK. Alitoka 2004.

Sasa shika hapa, kwa sababu hapa ndipo story inatuhusu sisi tunaoishi kwa simu. Watu walionyimwa lugha nyumbani walifanya nini? Walienda kusemea kwa jirani. Gazeti la kwanza la Kikurdi, lililoitwa Kurdistan, halikuchapishwa Kurdistan. Lilichapishwa Cairo, Misri, Aprili 1898. Kuanzia miaka ya 1950, Wakurdi wa Uturuki walikuwa wanategea redio kutoka Yerevan, Armenia, kusikiliza nyimbo za lugha yao kwa sauti ya chini jirani asisikie. Mwaka 1995 ikaja MED TV, televisheni ya setilaiti iliyorusha matangazo kutoka Ulaya kwa leseni ya Uingereza. Ghafla bibi kijijini aliweza kuona habari kwa lugha yake mwenyewe.

Umeona kitu? Kila mara, mtambo ni wa mtu mwingine. Na mwenye mtambo akiamua kuzima, anazima. Baada ya Öcalan kushikwa hapa Nairobi, maandamano yalienea Ulaya nzima, na wasimamizi wa utangazaji Uingereza wakasema MED TV ilikuwa inachochea vurugu. Kufikia Aprili 1999 leseni ilikuwa imefutwa.

Lakini je, kuonekana kunasaidia? Linganisha miaka miwili.

Tarehe 16 Machi 1988, ndege za Saddam Hussein zilimwaga gesi ya sumu kwa mji wa Halabja, Iraq. Watu kama 5,000 walikufa, wengi wakiwa raia wa kawaida, akina mama na watoto wao. Iran, iliyokuwa vitani na Iraq, iliwapeleka waandishi wa habari huko, na picha zikaenda dunia nzima. Dunia ikaona. Na dunia ikanyamaza, kwa sababu wakati huo Saddam alikuwa na marafiki wakubwa. Mwaka huo huo, katika kampeni iliyoitwa Anfal, makumi ya maelfu ya Wakurdi wa vijijini waliuawa na kuzikwa kwa makaburi ya pamoja. Huko hakukuwa na kamera hata moja.

Miaka mitatu baadaye, 1991, Wakurdi wa Iraq waliasi baada ya Vita vya Ghuba. Saddam akawarudia kwa silaha, na zaidi ya watu milioni moja wakakimbilia milima yenye theluji kwenye mipaka ya Uturuki na Iran. Safari hii kamera zilikuwepo, na Saddam hakuwa tena rafiki wa mtu. Aprili 5, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likapitisha Azimio 688. Misaada ikadondoshwa kutoka angani na ndege za Iraq zikakatazwa kuruka kaskazini. Chini ya kinga hiyo, mwaka 1992 Wakurdi walipiga kura na kuunda bunge lao, na hadi leo wanajitawala ndani ya Iraq.

Kwa hivyo picha peke yake haiokoi mtu. Picha inaokoa ikikutana na siku ambayo wakubwa pia wana sababu zao. Ni ukweli mchungu, lakini ndio huo.

Hata misaada ina siasa zake. Januari 2020, Baraza la Usalama liliondoa kivuko cha Al-Yarubiyah kwa orodha ya njia za misaada ya Umoja wa Mataifa kuingia Syria, baada ya Urusi kushinikiza. Hiyo ndiyo ilikuwa njia ya dawa kufika kaskazini mashariki, eneo lililokuwa chini ya Wakurdi. Kutoka hapo, misaada hiyo ilibidi ipitie mikononi mwa serikali ya Damascus. Ukiwa huna nchi, huna sahihi yako kwa mpaka. Mgonjwa wako anangoja mtu mwingine akubali.

Turudi Nairobi. Öcalan aliingia hapa kisiri tarehe 2 Februari 1999, baada ya kufukuzwa Syria na kuzungushwa Urusi, Italia na Ugiriki. Alifichwa nyumbani kwa balozi wa Ugiriki. Lakini Nairobi ya wakati huo ilikuwa imejaa wapelelezi wa Marekani, maanake ubalozi wao ulikuwa umelipuliwa miezi sita tu kabla, Agosti 7, 1998. Tarehe 15 maafisa wa Kenya walimbeba kwa gari hadi uwanja wa ndege. Ndani ya ndege iliyokuwa ikimngoja kulikuwa na maajenti wa Uturuki. Hakuna hakimu wa Kenya aliyemsikiza. Mawaziri watatu wa Ugiriki walipoteza kazi kwa sababu hiyo.

Sisemi Öcalan ni malaika. PKK ilianza vita 1984, na zaidi ya watu 40,000 wamekufa humo, wakiwemo raia na walimu waliouawa na PKK yenyewe. Uturuki, Marekani na Umoja wa Ulaya zinaiita kundi la kigaidi. Pia si kila Mkurdi humfuata. Lakini mahakama ipo kwa ajili ya watu wasiopendwa. Anayependwa na kila mtu haihitaji sana. Öcalan alihukumiwa kifo, hukumu ikageuzwa 2002 kuwa kifungo cha maisha, na mwaka 2005 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ikasema kesi yake haikuwa ya haki. Februari 2025, akiwa bado kifungoni, aliwaambia wapiganaji wake waache silaha. Mei mwaka huo PKK ikatangaza kujivunja.

Na sauti za leo? Siku hizi mtambo unaingia mfukoni. Behrouz Boochani, mwandishi Mkurdi kutoka Iran, alifungiwa na Australia katika kisiwa cha Manus kwa miaka kwa kosa la kutafuta hifadhi. Aliandika kitabu kizima humo kwa simu, akikituma vipande vipande kwa WhatsApp. Januari 2019 kitabu hicho kilishinda tuzo kubwa ya fasihi ya Australia, na mwenyewe alikuwa bado haruhusiwi kukanyaga nchi iliyompa tuzo.

Halafu kuna Jina. Septemba 2022, msichana wa miaka 22 kutoka Saqqez alishikwa Tehran na polisi wa maadili kwa sababu ya hijabu, akafa mikononi mwao. Dunia ilimjua kama Mahsa Amini, kwa sababu Mahsa ndilo lililokuwa kwa karatasi za serikali. Kwao nyumbani aliitwa Jina. Kwa Kikurdi, jina hilo linahusiana na uhai. Kwetu, unajua lenyewe lina maana gani. Kwa mazishi yake watu walipaza kauli ya Kikurdi, Jin, Jiyan, Azadî, yaani Mwanamke, Maisha, Uhuru. Kauli hiyo ilikuwa imetumika kwa miaka na harakati za wanawake wa Kikurdi. Ndani ya siku chache ilikuwa hashtegi ya dunia, na wengi walioiposti hawakujua ni Kikurdi. Lugha iliyokatazwa ikasemwa na kila mtu, na wenyewe wakasahaulika tena. Noma sana.

Maoni yangu ni haya. Sisi vijana wa Kenya tunajua nguvu ya simu. Juni 2024 tuliiona. Pia tunajua kwamba baada ya simu, kuna gari lisilo na namba. Oktoba 2024 wakimbizi wanne raia wa Uturuki walibebwa Nairobi na kurudishwa kwao, na wizara yetu ya mambo ya nje ikathibitisha. Mtindo ulikuwa ule ule wa 1999: hakuna hakimu, ni uwanja wa ndege tu.

Kwa hivyo ukitaka kuwasaidia Wakurdi, au mtu yeyote aliyenyimwa jina, anza na kazi iliyo karibu. Mtaje kwa jina lake mwenyewe. Na mtu akipotea kwa barabara za Nairobi, awe Mkenya, Mturuki, Mganda au Mkurdi, uliza yuko wapi na hakimu gani amemwona. Hilo halihitaji uende Kurdistan. Mji ni wetu, na kinachofanyika humo kinafanywa kwa jina letu.