NAMBA ILIYO PEMBENI YA JINA LAKO (Sehemu ya 3)

Leo naongea na wewe unayecheza sataranji kwenye simu, hasa wewe unayefungwa saa tano usiku ukasema "moja tu, nirudishe pointi zangu", halafu unashtuka ni saa nane na pointi zimeshuka zaidi. Unajijua. Mpaka uchezaji wako unabadilika: malkia unamtoa mapema, huangalii mwenzako anatishia nini, unasogeza harakaharaka tu. Yote kwa ajili ya namba. Sasa hiyo namba ilitoka wapi?

Hapa Songea ukikuta wazee wanacheza bao, hakuna mwenye namba. Wanajuana. Fundi anajulikana kwa waliomwona akicheza, basi. Namba inahitajika pale unapokutana na mtu usiyemjua, na hiyo ndiyo shida waliyokuwa nayo Marekani: nchi kubwa, mashindano mengi, wachezaji hawajawahi kuonana. Mwaka 1950 Kenneth Harkness aliwatengenezea hesabu, lakini ilikuwa na kasoro zake. Akaja Arpad Elo, mzaliwa wa Hungaria mwaka 1903, aliyehamia Marekani akiwa mtoto. Alikuwa mwalimu wa fizikia Chuo Kikuu cha Marquette, mjini Milwaukee, na mezani hakuwa mtu wa mchezo: bingwa wa jimbo la Wisconsin mara nane. Chama cha sataranji cha Marekani kilipokea hesabu yake mwaka 1960, na FIDE, shirikisho la dunia, mwaka 1970.

Sasa sikiliza. Elo mwenyewe hakuiamini namba kama unavyoiamini wewe! Alisema kumpima mchezaji ni kama kupima kizibo kinachopanda na kushuka juu ya maji, kwa rula iliyofungwa kwenye kamba inayopeperushwa na upepo. Sisi wodini tunamwelewa vizuri. Mtu akiingia anahema, katoka kupanda kilima, hatuandiki presha ya kwanza tukaishia hapo. Anakaa kwanza, anapumzika, tunapima tena.

Na hesabu yenyewe inasema hivyo. Ukimzidi mwenzako pointi 200, unatarajiwa kuvuna kama pointi 76 katika mechi 100. Maana yake hizo 24 zinakwenda kwake, na hajakuibia. Kufungwa na "mdogo" wako saa tano usiku ni jambo lililokwisha kuhesabiwa tangu zamani. Wewe unaamka kitandani kwenda kulipiza kisasi kwa kitu cha kawaida kabisa.

Mwaka 1995 mtaalamu wa takwimu Mark Glickman akaongeza kitu ninachokipenda: kila namba ibebe kipimo cha mashaka yake. Usipocheza muda mrefu, mashaka yanaongezeka. Lichess, iliyoanza 2010, inatumia toleo la pili la hesabu hiyo. Mgeni anaanza na 1500, na ile alama ya kuuliza unayoiona pembeni ndiyo mashaka yenyewe. (Halafu acheni kubishana, 1500 ya Lichess siyo 1500 ya chess.com. Wachezaji ni wengine, kwa hiyo na kipimo ni kingine.)

Kesho nikitoka zamu tuendelee na saa ya sataranji, ile ya London mwaka 1883.