Karani Aliyecheza Bila Ujira

Spencer Ponsonby, mwana wa kabaila, Earl wa Bessborough, alizaliwa London mwaka 1824. Mwaka 1840, akiwa na umri wa miaka 16, aliingia Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza kama karani. Zama hizo ukarani wa serikali ulitolewa kwa kujuana, na jina la baba lilitosha kuwa cheti.

Nje ya ofisi alikuwa mchezaji wa kriketi wa ridhaa. Neno hilo, ridhaa, tusilipite haraka. Aliyelipwa, aghalabu mtoto wa fundi au kibarua, alihesabiwa mtumishi. Asiyelipwa alihesabiwa mwungwana. Mwaka 1845 Ponsonby na wenzake waliasisi klabu ya I Zingari, isiyo na uwanja wake. Kanuni yake ilitamka kwamba kiingilio ni bure na ada ya mwaka isizidi kiingilio: mzaha unaomudiwa na wenye mali.

Tusimdhulumu, kwani kazi aliiweza. Alikuwa katibu wa Palmerston, na mwaka 1856 ndiye aliyeupeleka London mkataba wa Paris uliohitimisha Vita vya Krimea. Lakini hoja si uhodari wake, bali ni nani aliyenyimwa nafasi ya kuuonyesha wake. Ripoti ya Northcote na Trevelyan ya 1854 ilipendekeza mitihani ya ushindani. Amri ya 1870 ilipofungua milango ya utumishi wa umma, Wizara ya Mambo ya Nje haikuguswa. Katika kriketi, utengano wa ridhaa na kulipwa ulidumu hadi 1962.