Kutoka Mkono Ulioinuliwa hadi Mita Mbili: Historia ya Ujumbe wa Farasi na Dereva katika Kampeni za Usalama Barabarani nchini Uingereza

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia namna uhusiano wa farasi na gari ulivyoelezwa kwa umma nchini Uingereza, kuanzia sheria ya mwaka 1865 hadi marekebisho ya mwongozo wa barabara ya mwaka 2022. Hoja ya msingi ni kwamba mchoro wa usalama barabarani hubeba uamuzi wa kisera kabla ya kubeba sanaa: huamua ni nani atakayetakiwa kubadili mwenendo wake. Makala yanahitimisha kwa kuonyesha maana ya historia hiyo kwa barabara za Afrika Mashariki, ambako punda na gari hukutana kila siku.

1.0 Utangulizi

Farasi huzungumziwa mara nyingi kama usafiri wa zama zilizopita. Dhana hiyo hailingani na hali ya barabara za mashambani nchini Uingereza, ambako wapanda farasi wangali wakitumia njia moja na magari. Ugumu wa kukutana huko unatokana na maumbile ya mnyama. Farasi ni mnyama wa kuwindwa, na kinga yake ya kwanza ni kukimbia. Macho yake yako pembeni mwa kichwa. Huona karibu pande zote, lakini haoni kilicho nyuma yake moja kwa moja. Akishtuka, anaweza kuruka upande kabla mpandaji hajamdhibiti. Dereva aliyezoea kukisia mwendo wa magari hana uzoefu wa kukisia mwendo wa mnyama mwenye uzito wa takriban kilo 500.

Mtu anayebuni kampeni ya michoro juu ya jambo hili hukabiliwa na maswali mawili. La kwanza ni la ufundi: maarifa hayo yote yataingiaje katika picha itakayotazamwa kwa sekunde chache? La pili ni la kisera, nalo hujibiwa mara nyingi bila kuulizwa: picha hiyo inasema na nani? Historia ya Uingereza inaonyesha kwamba jibu la swali la pili limebadilika zaidi ya mara moja, na kwamba kila badiliko lilikuja na sura yake ya ujumbe.

2.0 Mkono wa mwenye farasi: 1865–1930

Sheria ya vyombo vya mvuke ya mwaka 1865 hukumbukwa kwa bendera nyekundu. Iliagiza mtu atembee kwa miguu mbele ya chombo, umbali usiopungua yadi 60, yaani takriban mita 55, akiwa na bendera hiyo. Mwendo uliwekewa kikomo cha maili 4 kwa saa mashambani na maili 2 mijini. Wanahistoria wengi wameichukulia sheria hiyo kama kichekesho cha watu walioogopa maendeleo. Hata hivyo, vifungu vyake vingine vinadhihirisha fikra iliyopangika. Mbeba bendera alitakiwa kuwaonya wenye farasi na kuwasaidia kupita. Kupiga filimbi ya chombo kulikatazwa. Zaidi ya hayo, mtu yeyote mwenye farasi aliweza kuinua mkono, na chombo kilipaswa kusimama papo hapo.

Mkono huo ulioinuliwa unaweza kuhesabiwa kuwa ishara ya kwanza ya usalama kati ya farasi na mashine katika barabara za nchi hiyo. Ulitoka kwa aliye hatarini ukaelekezwa kwa mleta hatari, na ulidai tendo moja lililo wazi: simama.

Wajibu huo haukufutwa mara moja. Umbali wa yadi 60 ulipunguzwa mwaka 1878, na sheria ya mwaka 1896 ikaruhusu magari mepesi kufikia maili 14 kwa saa. Bado kanuni zilimtaka dereva asimame akiombwa kwa mkono na mwenye farasi. Mwaka 1903 kikomo kikapanda hadi maili 20. Sheria ya barabara ya mwaka 1930 iliondoa kabisa kikomo hicho kwa magari madogo, ingawa maili 30 zilirejeshwa kwenye maeneo ya makazi katikati ya muongo huo. Kwa muda wa miaka 65, kawaida ya barabara ilikuwa imegeuka: gari lilikuwa mwenyeji, farasi akawa mgeni.

3.0 Kitabu, bango na umbo jeusi: 1931–1965

Mwongozo wa barabara uitwao Highway Code ulitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1931, ukauzwa kwa senti moja ya Kiingereza. Ndani yake, waendesha magari ya farasi walielekezwa jinsi ya kutumia mjeledi kuonyesha upande wanaokusudia kugeukia. Maelekezo hayo ni ushahidi wa mgeuko uliotajwa. Mkono wa mwaka 1865 uliamuru. Mjeledi wa mwaka 1931 ulitoa taarifa. Mwenye farasi alikuwa sasa mmoja wa watumiaji wengi wanaopaswa kujieleza kwa wengine.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, kampeni za mabango zilijaribu njia ya hofu. Bango maarufu la mwaka 1946 lilionyesha uso wa mjane aliyevaa nguo nyeusi, pamoja na wito wa kuondoa kifo barabarani. Bango hilo halikuhusu farasi, lakini somo lake linahusu kila kampeni. Lilizua malalamiko kwa sababu ya huzuni yake. Lililo muhimu zaidi ni kwamba halikumwambia mtazamaji atende nini. Mjane alionyesha matokeo. Hakuonyesha mwendo, umbali wala tendo.

Njia ya tatu ilikuja na mageuzi ya alama za barabarani yaliyopendekezwa na kamati ya Worboys mwaka 1963 na kuanza kutumika mwaka 1965. Wabunifu Jock Kinneir na Margaret Calvert waliweka mpangilio ambamo picha ilichukua nafasi ya maneno kwa kiasi kikubwa. Calvert alichora maumbo meusi ndani ya pembetatu nyekundu, akitumia vitu alivyovijua: umbo la ng’ombe lilitokana na ng’ombe wa shamba la jamaa zake aliyeitwa Patience.

Katika mpangilio huo, farasi ana alama mbili za tahadhari zinazostahili kulinganishwa. Moja ni ya farasi peke yake, kwa maeneo kama New Forest ambako farasi wadogo huzurura bila kamba. Nyingine ni ya farasi mwenye mpandaji. Tofauti ni umbo la mtu tu, lakini maana hubadilika: ya kwanza humwonya dereva kwamba hakuna anayemwongoza mnyama, ya pili humkumbusha kwamba juu ya mnyama kuna uhai wa mtu. Hata hivyo, alama zote mbili husema “yupo” pasipo kusema “fanya hivi”.

4.0 Kurudi kwa dereva: 2016–2022

British Horse Society, jumuiya iliyoundwa mwaka 1947, ilianza kukusanya taarifa za ajali na matukio ya hatari kupitia tovuti maalumu mwaka 2010. Mwaka 2016 ilizindua kampeni iliyoitwa Dead Slow. Jina hilo lina maana mbili: kwa pamoja maneno hayo ni “polepole kabisa”, lakini neno la kwanza likisimama peke yake lina maana ya “mfu”. Hofu ya mjane wa mwaka 1946 imefichwa ndani ya jina, huku nafasi kubwa ikiachiwa maagizo. Dereva aliambiwa mambo manne: apunguze mwendo hadi maili 15 kwa saa au chini ya hapo, awe mvumilivu, asipige honi wala kunguruma injini, apite kwa mbali, akiacha upana wa gari moja, kisha aondoke taratibu.

Kila agizo linachoreka. Upana wa gari, hasa, ni kipimo ambacho dereva anacho tayari machoni na hahitaji futi kukipima. Agizo la nne linajibu kosa la kawaida la kudhani kwamba hatari imekwisha pindi gari linapompita farasi, ilhali mngurumo wa kuongeza mwendo ndio unaoweza kumshtua.

Tarehe 29 Januari 2022, mwongozo wa barabara uliorekebishwa uliweka vipimo vyake: mwendo usiozidi maili 10 kwa saa, takriban kilomita 16, na nafasi isiyopungua mita 2. Mwongozo huo huo uliweka ngazi ya wajibu, kwamba mwenye uwezo mkubwa zaidi wa kudhuru ndiye mwenye wajibu mkubwa zaidi wa kupunguza hatari. Kimantiki, hapo ndipo mkono wa mwaka 1865 uliporudi.

Tofauti moja haifai kupuuzwa. Mkono wa mwaka 1865 ulikuwa amri ya sheria. Vipimo vya mwaka 2022 ni ushauri: kuvivunja si kosa kwenyewe, ingawa mahakama inaweza kuvizingatia katika kesi. Ndiyo maana mchoro umebebeshwa mzigo mkubwa. Pale sheria inaposhauri tu, picha ndiyo inayobaki kufundisha desturi.

5.0 Maana yake kwa Afrika Mashariki

Kenya, Uganda na Tanzania zilirithi kutoka utawala wa Kiingereza uendeshaji wa upande wa kushoto na sehemu ya msamiati wa alama. Hata punda milia wa kivuko cha waendao kwa miguu alitokea huko. Mnyama anayekutana na gari katika ukanda huu, hata hivyo, ni punda zaidi ya farasi: akivuta mkokoteni wa maji kwenye barabara za lami za bara, au akibeba mizigo.

Kuazima mchoro wa farasi na kuubadilisha masikio kungekuwa kosa. Farasi akiogopa hukimbia. Punda akiogopa mara nyingi husimama na kugoma. Dereva anayepiga honi ili punda aondoke anaweza kumgandisha katikati ya njia. Mchoro wa hapa unapaswa kuonyesha gari lililosimama likisubiri, na unapaswa kuzingatia upana wa mkokoteni na giza la jioni. Lugha nayo ina sharti lake. Kiswahili husifu mwendo wa polepole kwa methali nyingi, lakini methali haina namba, kampeni inaihitaji.

6.0 Hitimisho

Ni rahisi na nafuu kumpa mwenye punda kizibao kinachong’aa na kuhesabu kazi imekwisha. Vazi hilo lina faida, lakini likisimama peke yake linamwachia maskini wa barabarani wajibu wote wa kuonekana, na kumwachia mwenye injini uhuru wa kutotazama. Historia iliyojadiliwa inawapa washauri wa sera kipimo cha kutumia kabla ya kuidhinisha bango lolote: litajwe tendo, kiwekwe kipimo, na atambulike anayeagizwa. Bango lisiloweza kujibu hayo matatu lirudishwe kwa mchoraji, na pengine kwa aliyemtuma.