Jina la Pierogi

Wapolandi wana chakula kiitwacho pierogi: unga wa ngano uliokandwa, ukakunjwa juu ya viazi, jibini au kabichi, kisha ukatokoswa. Asili ya jina hili ni neno la kale la Kislavi, pir, maana yake karamu. Waukraine, kwao, chakula cha namna hiyo hukiita varenyky, yaani vilivyotokoswa. Basi hawa walitaja upishi, na wale walitunza kumbukumbu ya sherehe. Lakini mkesha wa Noeli Wapolandi hujinyima nyama, nao hula pierogi za kabichi na uyoga. Ndipo neno la karamu likaaapo katika meza ya mfungo. Sisi tufundishao tusipoiuliza asili ya neno, twaipoteza nusu ya desturi.