Ubao wa kaboni ni mti wenye utando

Kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Mpira wa Meza, ITTF, zinataka angalau asilimia 85 ya unene wa ubao wa raketi iwe mti wa asili. Gundi inayoshikanisha matabaka ya mti inaweza kutiwa nguvu kwa nyuzi za kaboni, nyuzi za kioo au karatasi iliyoshindiliwa, lakini tabaka la namna hiyo lisizidi asilimia 7.5 ya unene wote, wala lisizidi milimita 0.35. Kati ya vipimo hivyo viwili hufuatwa kilicho kidogo. Basi kile tunachokiita "ubao wa kaboni" ni mti, na kaboni iliyomo ni kidogo mno. Hata hivyo kidogo hicho hubadili mchezo wa mtu, na hakiwabadilishi wote kwa namna moja. Mmoja hupata kasi aliyoitafuta kwa miaka. Mwenzake huanza kupoteza mipira mifupi aliyokuwa akiimudu bila hata kufikiri. Naamini sehemu ya mkanganyiko huu imo katika jina lenyewe.

Tuanze na "ubao". Mchezaji wa mashindano hanunui raketi iliyokamilika. Hununua ubao pamoja na mpini wake, kisha huchagua raba mbili na kuzibandika kwa gundi, moja kila upande. Kiingereza huuita ubao huo kwa neno la bapa la kisu. Mtu angeweza kushawishika kusema "bapa", neno zuri la Kiswahili, hasa kwa kuwa kanuni zinataka sehemu hiyo iwe bapa na isiyopindika ovyo. Lakini bapa hueleza umbo tu. Ubao hueleza umbo na pia kitu chenyewe, na fundi seremala yeyote ataelewa bila kufafanuliwa. "Raba" nayo imetufaa sana, maana tungesema "mpira" kwa ile ngozi ya juu, neno moja lingebeba mchezo, kinachopigwa na kinachopiga.

Ugumu uko kwenye "wa kaboni". Kihusishi hiki hubeba mengi katika Kiswahili. Nyumba ya udongo imejengwa kwa udongo. Chai ya tangawizi ni chai, tangawizi imetiwa tu. Anayesikia "ubao wa kaboni" kwa mara ya kwanza huuelewa kwa maana ya nyumba ya udongo, ilhali ukweli uko upande wa chai ya tangawizi. Ukumbini, katika mazungumzo, sioni haja ya kuliondoa jina hili. Ni fupi na limezoeleka. Katika vitabu vya mafunzo, katika tafsiri za kanuni na katika maelezo ya bidhaa, napendekeza "ubao wenye utando wa kaboni".

Nimelichagua neno utando kwa sababu ya asili yake. Mfumaji hutanda nyuzi: zinazotandwa kwa urefu ni mtande, zinazopitishwa kwa upana ni mshindio. Kaboni ya ubao wa raketi, mara nyingi, ni kitambaa hasa, kilichofumwa kwa mtande na mshindio kisha kikalazwa katika gundi. Aina mashuhuri zaidi leo ni ile ambayo kampuni ya Butterfly ya Japani huipa herufi ALC. Humo kaboni imefumwa pamoja na nyuzi za arileti, ambazo hupunguza mtetemo na kulainisha mguso. Aina nyingine, ZLC, huchanganya kaboni na nyuzi za Zylon, na hurusha mpira kwa kasi zaidi. Tungeweza kusema "tabaka la kaboni" na tusikosee, ila neno tabaka linatumika tayari kwa mbao nyembamba zinazounda ubao, na msomaji anahitaji kujua lipi ni mti na lipi ni kitambaa.

Chukua Viscaria, ubao wa Butterfly uliotoka mwaka 1993, ambao Zhang Jike wa China aliutumia kutwaa dhahabu ya Olimpiki London mwaka 2012. Unene wake ni milimita 5.8. Katikati kuna kiri, mti mwepesi wa Asia ya Mashariki. Kiri imefunikwa kwa limba kila upande, juu ya limba umelazwa utando wa ALC, na juu kabisa kuna koto. Ukihesabu utapata matabaka matano ya mti na tando mbili. Limba na koto ni miti ya Afrika: limba humea kuanzia Afrika Magharibi hadi misitu ya Kongo, koto Afrika Magharibi hadi Kameruni. Mti wa bara letu ulikuwa pande zote mbili za raketi ile ya dhahabu, na ingefaa watoto wetu wanaojifunza mchezo huu waambiwe hivyo.

Hesabu ya kanuni inaonekana vizuri hapa. Asilimia 7.5 ya milimita 5.8 ni 0.435, kwa hiyo kikomo kinachofuatwa ni kile kidogo, 0.35. Tando mbili haziwezi kuzidi milimita 0.7 kwa jumla, yaani asilimia 12 hivi ya unene wote.

Kwa nini kitambaa chembamba hivyo kifanye kazi kubwa? Mti ni mkakamavu ukiukunja kwa kufuata nyuzi zake, na ni mlegevu ukiukunja kwa kukingama nazo. Ndiyo maana plaiwudi hupangwa matabaka yakipishana. Ukakamavu wa nyuzi za kawaida za kaboni ni takriban gigapaskali 230. Mti, hata kwa kufuata nyuzi zake, huwa karibu na 10 tu. Ukilaza kitambaa chenye mtande na mshindio wa kaboni, ubao hukakamaa kwa urefu na kwa upana pia, bila kuongezeka uzito wa kutajika. Faida ya kwanza ni kitovu cha pigo, yaani lile eneo la ubao ambalo mpira ukigonga hurudi na nguvu zake zote. Nje ya kitovu, kuelekea ukingoni, mpira hudhoofika. Utando wa kaboni hukipanua kitovu, na mchezaji aliyeufikia mpira kwa kuchelewa, akaupiga karibu na ukingo, bado hupata pigo la maana.

Jambo la pili ni mahali utando ulipolazwa, na hili ndilo ninalotaka lieleweke kuliko yote. Kitu kinapopinda, uso wake mmoja huvutika, uso wa pili hubanwa, na katikati kabisa hakuna kinachovutika wala kubanwa. Kinachozuia kupinda ni yale matabaka yaliyo mbali na katikati, na mchango wao hukua kwa mraba wa umbali huo. Kwa hiyo utando uleule, wa unene uleule, ukilazwa chini tu ya tabaka la nje huukakamaza ubao sana. Ukilazwa ukigusa kiini huukakamaza kwa kiasi. Hapa istilahi yetu inahitaji maneno mawili zaidi: kaboni ya nje na kaboni ya ndani. Mtu akikuambia ana ubao wa kaboni bila kutaja moja kati ya hayo, hajakueleza bado jinsi unavyocheza.

Mpira hukaa kwenye raketi kwa muda wa takriban sehemu moja ya elfu ya sekunde. Ukiugusa polepole, kama vile unapourudisha mfupi karibu na wavu, hubonyea raba peke yake na ubao haushiriki sana. Ukiupiga kwa nguvu, raba hubanwa mpaka mwisho na ubao wenyewe huanza kupinda na kurudi. Kaboni ya ndani husubiri pigo hilo la nguvu. Kwa mguso mwepesi mchezaji huhisi mti. Akizungusha mkono wote, kaboni huamka. Kaboni ya nje iko karibu na uso, na mkono huihisi mapema, hata katika mipira ya nguvu ya wastani.

Tazama fainali ya Olimpiki ya Tokyo, iliyochezwa mwaka 2021. Ma Long alimshinda Fan Zhendong seti 4 kwa 2. Ubao unaouzwa kwa jina la Ma Long, Hurricane Long 5 wa kampuni ya DHS, una utando wa kaboni na arileti uliolala juu ya kiini. Ubao unaouzwa kwa jina la Fan Zhendong, wa Butterfly, una ALC chini ya tabaka la nje. Wachina wawili, waliolelewa katika timu moja ya taifa, lakini kaboni zao zimewekwa sehemu tofauti. Fohendi ya Ma Long huanza mbali, mwili mzima ukigeuka, na mpira husuguliwa kwa mzunguko mzito. Mtu wa namna hii anataka mpira ukae kidogo zaidi kwenye raketi ili aumalize anavyopenda. Fan husimama karibu na meza, na bekihendi yake hutoka kwa mkunjo mfupi wa kiwiko na kifundo cha mkono. Nafasi ya mkono wake kusafiri ni ndogo, na ubao unaorudisha nguvu upesi humwongezea pale anapopungukiwa. Mwaka 2024 mjini Paris, Fan naye alitwaa dhahabu, akimshinda Truls Möregårdh wa Sweden 4 kwa 1. Kwa rekodi hiyo sioni msingi wa kusema kaboni ya ndani ni bora kuliko ya nje, au kinyume chake. Kinachotazamwa ni safari ya mkono.

Mchezaji anayekaa mezani na kuzuia, anayeazima nguvu za mpinzani na kuzirudisha, hufaidi kaboni ya nje. Mpira humtoka kwa njia iliyonyooka zaidi na ya chini, na mpinzani hukosa wakati. Anayerudi nyuma mita mbili tatu na kushambulia kwa mzunguko hupata pia msaada, maana kutoka kule ubao wa mti mtupu humtaka atumie nguvu nyingi kila pigo.

Mlinzi anayekata mpira akiwa mbali ana haja nyingine kabisa. Yeye anataka ubao unaomeza nguvu. Joo Sae-hyuk wa Korea Kusini alifika fainali ya ubingwa wa dunia mjini Paris mwaka 2003, akashindwa na Werner Schlager wa Austria, kwa mchezo wa kukata ambao wengi walidhani zama zake zimepita. Ubao unaouzwa kwa jina lake ni mpana, wa matabaka matano, na hauna kaboni hata chembe.

Anayeanza ndiye ninayemfikiria zaidi. Huyu hajajua bado kuusugua mpira, anausukuma. Ubao wenye kaboni ya nje humrushia mpira nje ya meza, naye, kwa akili ya kawaida, hujikinga kwa kufupisha pigo. Miezi ikipita, mkono umezoea pigo fupi na la woga, na kulirefusha baadaye ni kazi ngumu kuliko kulijenga mwanzoni. Mipira yake ya kuanzisha nayo huruka juu, kwa sababu haisikii raba ikiunasa mpira. Ningependa kila mwalimu wa shule na klabu ampe mwanafunzi ubao wa mti mtupu wa matabaka matano, mpaka mzunguko wake uwe unaupeleka mpira mezani kwa mkono uliofunguka. Akihitaji kaboni baada ya hapo, aanze na ya ndani.

Kuenea kwa ubao huu kuna sababu zake katika historia ya mchezo. Mwaka 2000 kipenyo cha mpira kiliongezwa kutoka milimita 38 hadi 40, na mpira mkubwa husafiri polepole zaidi. Mwaka 2008, baada ya Olimpiki ya Beijing, gundi zenye kemikali zinazoyeyuka hewani zilipigwa marufuku. Gundi hizo zilikuwa zikiivimbisha sponji ya raba na kuipa kasi. Kuanzia 2014 ukaja mpira wa plastiki badala ya seluloidi, nao haushiki mzunguko kama ule wa zamani. Kila badiliko lilipunguza kitu, na wachezaji wakakitafuta kwingine: katika raba ngumu zaidi, na katika utando.

Raba nayo isisahauliwe, kwa kuwa hakuna anayecheza na ubao uchi. Raba laini juu ya kaboni ya nje hubonyea hadi mwisho hata kwa pigo la wastani, na mpira hurudi ukiwa na kasi lakini na mzunguko mdogo. Raba ngumu na yenye kunata ya Kichina juu ya ubao huohuo huhitaji mkono wenye nguvu, lakini hulipa kwa mzunguko. Ndiyo sababu watu wawili wenye ubao mmoja husimulia habari mbili zisizopatana, na wote wawili wanasema kweli.

Ukienda dukani, tazama ukingo wa ubao kabla ya kusoma maandishi ya mpini. Kaboni huonekana kama mistari miwili myeusi au ya buluu iliyoiva, myembamba kama iliyochorwa kwa kalamu. Ikiwa karibu na nyuso mbili za ubao, hiyo ni kaboni ya nje. Ikiwa imekibana kiini, ni ya ndani. Kisha ushike mpini bila kuubana, ugonge ubao katikati kwa mpira. Sauti nyembamba ya juu ni dalili ya ukakamavu, sauti nzito ni dalili ya ulegevu. Omba na mizani kama ipo, kwa sababu mbao mbili za jina moja zinaweza kupishana gramu kadhaa, na tofauti hiyo kiwiko huihisi kabla mchezo haujaisha.