Kutoka Neema hadi Njaa, Kutoka Njaa hadi Kuponi: Uchumi wa Malawi 1964–2012

Tunapofundishwa kuhusu kuanguka na kufufuka kwa uchumi, mfano unaotolewa karibu kila mara ni Marekani: soko la hisa la New York liliporomoka mwaka 1929, mamilioni wakakosa kazi, na kuanzia 1933 serikali ya Rais Franklin Roosevelt ikaingilia kati. Mfano huo ni mzuri, ila uko mbali nasi. Katika insha hii natumia mfano wa nchi tunamoishi. Hoja yangu ni kwamba neema ya kwanza ya Malawi ilijengwa kwa jasho la mkulima mdogo bila kumlipa haki yake, kwa hiyo ilipoanguka yeye ndiye aliyeumia zaidi. Na serikali ilipofanikiwa kuinua uchumi miaka mingi baadaye, ilianzia shambani kwake.

Malawi ilipata uhuru tarehe 6 Julai 1964. Chini ya Dkt. Hastings Kamuzu Banda, uchumi ulikua kwa karibu asilimia 6 kwa mwaka hadi 1979. Kwa nchi isiyo na bahari, shaba wala mafuta, hayo yalikuwa mafanikio makubwa. Tumbaku, chai na sukari viliuzwa nje. Mkopo wa Afrika Kusini ulisaidia kujenga makao makuu mapya, na mwaka 1975 serikali ikahama kutoka Zomba kwenda Lilongwe. Barabara pana za jiji hilo na ofisi za serikali za Capital Hill ni kumbukumbu ya miaka hiyo.

Fedha zilitoka wapi? Shirika la umma la ADMARC, lililoundwa mwaka 1971, lilinunua mazao ya wakulima wadogo kwa bei ya chini sana kuliko ile ya soko la dunia. Faida haikurudi kijijini. Sehemu kubwa ilielekezwa kwenye mashamba makubwa ya tumbaku na kampuni za Press, zilizokuwa mikononi mwa Banda mwenyewe. Sheria nayo ilimzuia mkulima mdogo kulima tumbaku ya burley, zao lenye faida kubwa. Kulalamika hakukuwa rahisi. Dzaleka, mahali tunapoishi leo, palikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa, na wengi hulifasiri jina hilo kuwa "sitarudia tena". Naona ni muhimu kukumbuka kwamba Lilongwe mpya na gereza la Dzaleka ni vya zama zilezile.

Kuanzia 1979 mambo yaligeuka. Bei ya tumbaku ilishuka, bei ya mafuta ikapanda, riba za mikopo zikaongezeka, na ukame wa 1980 ukailazimisha nchi kuagiza mahindi. Kisha vita vya Msumbiji vikakata reli za Beira na Nacala, na mizigo ikabidi izunguke kwa gharama kubwa kupitia Durban au Dar es Salaam. Wakimbizi wa Msumbiji wapatao milioni moja walipokelewa na nchi ambayo yenyewe ilikuwa inayumba. Mwaka 1981 Malawi ilichukua mkopo wa kwanza wa Benki ya Dunia wa marekebisho ya uchumi. Masharti yalifuata, na kufikia katikati ya miaka ya 1990 ruzuku ya jumla ya mbolea ilikuwa imeondolewa. Kwacha ilipoachwa ielee mwaka 1994, thamani yake ilishuka na bei ya mbolea ikamshinda mkulima. Njaa ya 2001–2002 iliua watu. Mwaka 2005 mavuno ya mahindi hayakuzidi sana tani milioni 1.2, na karibu watu milioni 5 walihitaji msaada wa chakula.

Hapo ndipo serikali ya Rais Bingu wa Mutharika ilipoamua kurudisha ruzuku kwa kiwango kikubwa, ingawa wafadhili wengi walikuwa na shaka. Katika msimu wa 2005/06, mkulima mwenye kuponi alinunua mfuko wa kilo 50 wa mbolea kwa kwacha 950, chini sana ya bei ya dukani. Mzee mmoja anayeleta mahindi katika soko la Dzaleka aliniambia, "Mwanangu, mwaka ule nilijaza nkhokwe mpaka nikaongeza nyingine." Nkhokwe ni ghala la nyumbani la kuhifadhia mahindi. Mavuno ya 2006 yalifika takribani tani milioni 2.6, na 2007 yakapita milioni 3. Malawi ikauza mahindi Zimbabwe. Uchumi ulikua kwa takribani asilimia 7 kwa mwaka hadi 2010.

Wako wanaopinga sifa hizi. Wanasema mvua zilikuwa nzuri, takwimu za mavuno zilikuzwa, na msamaha wa madeni wa 2006 uliipa serikali nafasi ya kupumua. Nakubali kwamba mbolea peke yake haikutosha. Lakini mvua nzuri bila mbolea kwenye udongo uliochoka haijazi ghala. Udhaifu mkubwa zaidi naona ni mwingine: mbolea ilinunuliwa nje kwa fedha za kigeni, na fedha hizo zilitegemea tumbaku na wafadhili. Tumbaku iliposhuka bei na wafadhili wakakatiza misaada, mwaka 2011 vituo vya mafuta Lilongwe vilijaa foleni, na maandamano ya Julai yakaua watu wapatao 20. Mei 2012, Rais Joyce Banda alishusha thamani ya kwacha kwa karibu theluthi moja.

Je, sisi tuliopo Dzaleka tunahusikaje? Kambi hii ilifunguliwa mwaka 1994, katikati ya mdororo. Malawi ilikuwa imeridhia Mkataba wa Wakimbizi mwaka 1987, lakini ikaweka pingamizi katika vifungu vya ajira, mali na uhuru wa kutembea. Kuponi zilikuwa za wakulima wenye ardhi. Mkimbizi alionja ufufuo kupitia bei ya mahindi sokoni tu, na bei ilipopanda alikuwa wa kwanza kuhisi.

Kwa kuhitimisha, historia hii inanifundisha kwamba swali la kwanza kuhusu neema yoyote ni nani anailipia, na swali la kwanza kuhusu ufufuo wowote ni nani ameandikwa kwenye orodha. Mkulima wa Dowa alisubiri zaidi ya miaka 40 tangu uhuru ndipo serikali ikaanza kuujenga upya uchumi kwenye shamba lake. Jirani yake aliye upande huu wa barabara bado anasubiri kuandikwa.